Pauni 600 kwa kamera ya inchi 4 kwa 5: nichukue ipi?

Shikamooni,

Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Unguja. Natumia kamera ya dijitali yenye sensa ndogo na lenzi ya 18–55. Tangu sehemu ya Beit-al-Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020 nimekuwa nikipiga milango, mabaraza na nyuso za nyumba za Mji Mkongwe kila nikipata nafasi. Sasa nataka kuifanya kazi hiyo kwa filamu kubwa ya inchi 4 kwa 5, nyeusi na nyeupe, kuta zisimame wima na nakshi ionekane mpaka alama za tindo.

Mjomba wangu anaishi Uingereza na atakuja Disemba. Yuko tayari kuninunulia na kunibebea, ila hajui chochote kuhusu kamera. Bajeti ni pauni 600, na humo ziingie filamu za kuanzia. Nimeona kamera tatu: Crown Graphic pamoja na lenzi yake ya Optar 135 mm, Cambo SC isiyo na lenzi, na Intrepid mpya, nayo haina lenzi. Kwa upande wa lenzi kuna Angulon 90 mm f/6.8 ya bei nafuu, na Symmar-S 150 mm f/5.6 ambayo muuzaji anasema ina vidoa vyeupe ndani, pembezoni mwa kioo. Tripodi ninayo, ya video.

Nichukue ipi, na mjomba akague nini kabla ya kutoa pesa?

Mpenda Nakshi, Mji Mkongwe

—

Marahaba, Mpenda Nakshi.

Chukua Cambo SC na Symmar-S ya 150, na vidoa vile visikutishe. Crown Graphic ni kamera nzuri ila si ya milango. Intrepid ni nzuri pia, lakini ukiilipia mpya kitakachobaki hakitoshi lenzi yenye shata nzima (kifaa kinachofungua na kufunga mwanga), holda (vibebeo bapa vya filamu) na filamu. Na hiyo Angulon ya 90, kwa kazi uliyoieleza, tunakuomba uiache hata wakikupunguzia bei.

Tunaanza na lenzi, kwa sababu lenzi ndiyo itakayoamua kamera. Wengi hufanya kinyume: hununua mwili uliowapendeza machoni, kisha wakatafuta lenzi ya kuuenea.

Unapoinua uso wa kamera ili upate ncha ya jengo, kuta huanza kuegemeana kwa juu. Kwenye kamera ya fomati kubwa huinui uso wa kamera. Unaiweka sawa kwa pima maji, filamu ikiwa wima kama ukuta wenyewe, kisha unaipandisha fremu ya mbele yenye lenzi peke yake. Ncha ya jengo inaingia kwenye kioo cha nyuma unachotazamia picha, na kuta zinabaki wima. Hapo ndipo lenzi inapopimwa. Kila lenzi hutupa mwanga wake katika duara. Picha yenyewe ya inchi 4 kwa 5, ukiondoa kingo zinazobanwa na holda, ni kama milimita 96 kwa 120, na kutoka pembe hadi pembe ni milimita 154. Duara la lenzi likiwa 154 tu, picha imejaa bila nafasi ya ziada. Ukipandisha lenzi kidogo, pembe mbili zinaingia gizani.

Angulon 90 f/6.8 ina duara la milimita 154. Kwa hiyo ni lenzi ya kupiga ikiwa katikati, basi. Ilitengenezwa iwe ndogo na nyepesi, ikunjwe ndani ya kamera, na kwa mandhari ya wazi inafaa. Kwa mlango wenye kizingiti kirefu na roshani juu yake, itakukwamisha siku ya kwanza. Usiichanganye na Super-Angulon 90 f/8, ambayo ni lenzi nyingine kabisa: nene, nzito, duara milimita 216. Majina yanafanana, na matangazo ya kuuza huyachanganya, kwa makusudi au kwa kutojua. Namba ya f, ile ya upana wa tundu la lenzi, ndiyo itakayokwambia: 6.8 ni ile ndogo, 8 au 5.6 ni ile kubwa.

Symmar-S ya 150 ina duara la milimita 210 kwenye f/22. Filamu ikiwa imesimama wima kwa ajili ya mlango, unaweza kupandisha lenzi milimita 33 kabla pembe hazijaliwa. Ikilala, milimita 38. Ukitaka kujua milimita hizo zina maana gani mtaani, zidisha kwa umbali na ugawe kwa urefu wa lenzi. Milimita 30 kwenye lenzi ya 150, ukiwa mita 10 kutoka ukutani, zinakupandisha mita 2. Kwa nyumba nyingi za ghorofa moja hiyo ndiyo tofauti kati ya kukata roshani na kuipata yote.

Sasa upana wa vichochoro, na hapa uwe mkweli na nafsi yako. Kwa lenzi ya 150, filamu ikiwa wima, urefu unaoingia kwenye picha ni 0.8 ya umbali wako. Mlango wa mita 3 pamoja na fremu yake unakutaka usimame karibu mita 4, na nyuma ya kamera wewe mwenyewe unahitaji nafasi ya kusimama na kuinama. Lenzi ya 90 inapata 1.33 ya umbali: ukiwa mita 3 unapata mita 4 za urefu. Kabla mjomba hajalipa chochote, chukua kamera yako ya dijitali, isimamishe wima, bandika pete ya zumu kwa utepe kwenye 28 na utembee wiki nzima bila kuigusa. Ikiwa sensa yako ni ile ndogo ya kawaida, urefu wa picha utakaouona unakaribia sana ule wa 150, na pembeni filamu kubwa itakupa zaidi kidogo. Wiki ya pili bandika kwenye 18. Hiyo ni jamaa ya 90. Andika kwenye daftari milango iliyokubali 28 na iliyokataa.

Tunadhani utaona hivi: milango iliyo kwenye viwanja, kwenye njia panda na mbele ya misikiti itakubali, na vile vile kipande chochote cha nakshi, fundi aliyekaa barazani, au mlango unaoupiga kwa upande. Itakayokataa ni ile ya ndani kabisa ya vichochoro. Kama daftari likionyesha kuwa kazi yako karibu yote ni hiyo ya mwisho, geuza ushauri wetu na utafute lenzi ya 90 yenye duara kubwa tangu mwanzo. Vinginevyo anza na 150, kwa sababu tatu. Bei yake ni nafuu kuliko 90 ya maana. Mwanga wake ni f/5.6 dhidi ya f/8, yaani mara mbili kwenye kioo cha nyuma, na ndani ya kivuli cha uchochoro utaona tofauti hiyo unapotafuta ukali wa picha. Na haidai mvukuto (ule mfuko unaounganisha fremu ya lenzi na nyuma ya kamera) wa pekee, jambo tutakalolirudia.

Vidoa vya Symmar. Lenzi nyingi za zamani za Schneider, kampuni iliyotengeneza Symmar, zina rangi nyeusi iliyopakwa kwenye ukingo wa kioo, ndani ya mkebe, ili kuzuia mwanga kuzurura. Rangi hiyo ikizeeka huachia kioo vipande vipande, na kwa mbele unaona nukta nyeupe kama chumvi pembezoni. Vikiwa vichache haviathiri picha, na wanunuzi wengi huviogopa. Mwambie mjomba avitumie kuombea bei. Kinachoharibu ni vingine: utando wa buibui au vijitawi vya kuvu katikati ya kioo, ukungu mweupe unaoonekana ukimulika tochi kutoka nyuma, na rangi za upinde wa mvua au kiputo kinachong'aa ukingoni, dalili kwamba gundi iliyounganisha vioo viwili inaachia. Kuvu hasa usilete Unguja. Unyevu wa pwani utailisha. Mikwaruzo kwenye kioo cha nyuma cha lenzi ni mibaya kuliko ya kioo chake cha mbele.

Usiifungamanishe roho yako na Symmar. Rodenstock Sironar-N, Nikkor-W na Fujinon-W, zote 150 mm f/5.6, zinafanya kazi hiyo hiyo kwa duara linalokaribiana, na kwa filamu nyeusi na nyeupe hutazitofautisha ukutani. Ipo pia Caltar II-N, ambayo ni Sironar-N iliyouzwa kwa jina la Calumet, na mara nyingi huwa nafuu kwa sababu ya jina tu. Symmar ya zamani zaidi, isiyo na herufi S, inaweza kufunguliwa kioo cha mbele ikawa 265 mm f/12. Ni lenzi halali ya kuanzia, ila ina mizani miwili ya f, na ukisoma ule wa 265 ukiwa unapiga kwa 150 filamu zako zote zitatoka na mwanga usio sahihi. Lenzi za f/4.5 na f/4.7, kama Xenar na hiyo Optar ya Crown Graphic, ni kali katikati lakini duara lake ni dogo.

Tukishafika kwenye Optar tumalize na Crown Graphic. Ilitengenezwa kwa waandishi wa habari wa Marekani waliopiga picha wakiishika mkononi. Inakunjika, ni imara, na kwa picha za watu mitaani haina mpinzani kwa bei yake. Ila kioo chake cha nyuma hakigeuki. Picha yake imelala daima, na milango imesimama. Ukitaka picha wima lazima uilaze kamera nzima ubavuni juu ya tripodi, na ukiilaza, ule upandishaji wake wa lenzi, ambao ni mdogo tangu hapo, unakuwa wa kwenda kando badala ya juu. Ongeza duara dogo la Optar, na uwezo unaoutafuta umekwisha. Dada yake, Speed Graphic, ana shata ya pazia karibu na filamu na anaweza kutumia lenzi zisizo na shata. Ugonjwa wa milango ni ule ule.

Intrepid inatengenezwa Brighton, kwa plai, na ina uzito wa kama kilo 1.2. Mvukuto wake ni mpya, hauna tundu, na kioo chake kinatolewa na kugeuzwa wima au kulala. Kama ungekuwa unapanda vilima vya Usambara na mzigo mgongoni tungekwambia subiri, weka akiba, inunue hiyo. Kazi yako iko umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani, kwa hiyo uzito haukupi hasara kubwa.

Cambo SC ni kamera ya reli ya Kiholanzi: bomba moja la chuma, fremu ya mbele, fremu ya nyuma, mvukuto katikati. Uzito wake ni karibu kilo 4 na haipendezi kubeba, lakini kila fremu inapanda, inashuka, inakwenda kando, inainama na kugeuka, yote kwa nafasi kubwa kuliko lenzi yoyote utakayoimudu. Studio nyingi ziliziacha zilipohamia dijitali, ndiyo sababu bei imeshuka. Huko nje utaiona pia ikiuzwa kwa jina la Calumet. Inafunguka vipande ikaingia kwenye sanduku la mkononi. Jambo lililotufanya tuichague kwako ni kwamba mvukuto wake unachomoka. Mvukuto wa kawaida wenye mikunjo, ukiubana kwa ajili ya lenzi ya 90, unakuwa mgumu kama kitabu kilichofungwa. Fremu hazisogei tena na huwezi kupandisha lenzi. Siku utakayopata 90 utatafuta mvukuto laini wa mfuko wa Cambo, utaubadilisha kwa dakika moja, na kamera ni ile ile. Kama Cambo itauzwa kabla mjomba hajaifikia, Toyo-View au Sinar F ni wa daraja hilo. Sinar ina vipuri vingi zaidi sokoni.

Ubao wa lenzi ndipo wanunuzi wapya wanapokwama. Lenzi haifungwi moja kwa moja kwenye kamera. Inafungwa kwenye ubao wa mraba, na kila kampuni ina kipimo chake. Cambo ni milimita 162 kwa 162, Sinar 140 kwa 140, Toyo 158 kwa 158, na Intrepid hutumia ule wa Linhof, 96 kwa 99. Tundu la katikati linafuata ukubwa wa shata: Copal 0 ni milimita 34.6, Copal 1 ni 41.6. Symmar-S ya 150 kwa kawaida iko kwenye shata namba 0. Kwa hiyo mjomba anahitaji ubao wa Cambo wenye tundu la namba 0, pamoja na ile ringi ya kufungia inayokaza lenzi kwa nyuma. Ringi hiyo hupotea sana na wauzaji hawaitaji. Lenzi ikija bila ringi, haina pa kushika.

Kitu kingine kinachopotea ni kile kibano kinachoishika reli juu ya tripodi. Cambo bila kibano chake haisimami popote, na ukikitafuta peke yake kitakugharimu pesa ambayo ungeitia kwenye filamu. Mjomba aone picha yake kwenye tangazo kabla ya kulipa, na aulize uzi wa skrubu ni wa 1/4 au 3/8, ili ujue kama utahitaji kile kipete cha kupunguzia. Tripodi yako ya video itafaa mradi inabeba kilo 6 na zaidi, maana lenzi na holda zinaongezeka juu ya zile kilo 4. Kichwa cha video chenye springi ya kusawazisha huirudisha kamera ukiachia mkono, basi kaza vifungo vyote kabla ya kupiga.

Shata sasa, kwani hapo ndipo pesa inapopotea. Wewe utapiga kwenye f/22, kwa filamu ya ISO 100, kivulini. Jua kali linakupa kama 1/50 ya sekunde. Kivuli cha wazi kinakushusha hadi 1/8 au 1/4. Ndani ya uchochoro ni sekunde moja na zaidi. Kasi za chini ndizo chakula chako cha kila siku, na ndizo hizo zinazokufa kwanza, kwa sababu zinaendeshwa na gia ndogo ambazo mafuta yake hukauka yakawa gundi. Shata inaweza kulia vizuri kabisa kwenye 1/125 na ikakwama kwenye sekunde moja. Mjomba akienda mwenyewe dukani aanze na sekunde 1, kisha 1/2, 1/4, 1/8, kila moja mara tatu, akisikiliza kama mlio ni wa mfululizo au unasitasita. Akitaka uhakika, asimamishe lenzi mbele ya dirisha na airekodi kwa simu kwenye video ya fremu 240 kwa sekunde, kisha ahesabu fremu zenye mwanga: 1/4 iwe kama 60, 1/8 kama 30, 1/30 kama 8. Juu ya 1/60 hesabu hiyo haiaminiki, na wewe huihitaji. Shata inayochelewa kwa kiasi kile kile kila mara si mbaya. Andika kasi yake ya kweli kwenye kikaratasi na ukibandike juu ya ubao. Inayobadilika kila unapoifyatua ndiyo ya kuirudisha.

Kama ananunua kwa njia ya posta, amuombe muuzaji video ya sekunde 1 na 1/8. Muuzaji anayekataa video ya nusu dakika, muache. Maduka ya vitu vilivyotumika yenye dhamana, kama Ffordes kule Scotland, huuza ghali kidogo kuliko mnada wa mtandaoni, lakini kwa mtu asiyejua kamera dhamana ya kurudisha ina thamani kuliko punguzo. Kwa lenzi, hasa, tungependa anunue dukani. Mwili wa kamera hauna mengi ya kuharibika, huo atafute popote.

Mvukuto unakaguliwa hivi: usiku, taa zimezimwa, lenzi imefungwa, toa kioo cha nyuma na utie tochi kali ndani, kisha nyosha mvukuto na uzunguke nje ukiangalia pembe za mikunjo. Tundu litaonekana kama nyota. Nyota mbili tatu zinazibika kwa rangi nyeusi ya mpira, tabaka nyembamba mbili, mvukuto ukiwa umenyooshwa mpaka ikauke. Nyota kila pembe zina maana kwamba mvukuto umechoka, na kila utakachoziba leo kitafunguka kwingine kesho. Baada ya hapo aangalie kioo cha nyuma cha kutazamia kisiwe na ufa na springi zake zibane, na kila kifungo kikikazwa fremu isicheze.

Holda za filamu nunua zilizotumika, 5, za plastiki: Fidelity Elite, Lisco au Toyo. Kila moja inabeba filamu 2, kwa hiyo unatoka na picha 10, ambazo kwa asubuhi moja ni nyingi kuliko unavyodhani. Za mbao za zamani usinunue. Hali ya hewa yetu inazipinda. Ufunguke mlango mdogo wa chini, utepe wake wa kitambaa usiwe umechanika, na kifuniko cha kuvuta kiteleze bila kukwaruza. Zikifika, zifute ndani kwa brashi laini na zipe namba kwa kalamu ya rangi. Picha zikitoka na mstari mweupe unaojirudia, utajua ni holda namba ngapi. Upande mweupe wa kifuniko ukiangalia nje maana yake filamu haijapigwa, mweusi imeshapigwa. Shika desturi hiyo tangu siku ya kwanza. Na gizani, filamu ikiwa wima mbele yako na vijino vyake (mikato midogo ya ukingoni) viko pembe ya juu kulia, emulsheni, yaani upande unaopokea mwanga, inakutazama.

Mgawo wa pesa, basi. Kwa kamera pamoja na kibano, mjomba asivuke pauni 180. Kwa lenzi pamoja na ubao na ringi, 200. Holda 5, asivuke 75. Kebo ya kufyatulia ya sentimita 50 na kikuzio cha mara 4 hadi 6 cha kutazamia kioo, 25. Zinazobaki 120 ni za filamu, tangi na dawa. Ukilazimika kupunguza, punguza kwenye kamera, usipunguze kwenye shata. Mita ya mwanga unayo tayari, kamera yako ya dijitali: iweke ISO ile ile na f/22, usome kasi. Kitambaa cha kujifunika usinunue. Mita mbili za kitambaa kizito cha buibui, na juu yake ushone shuka jeupe la kurudisha jua, vinatosha na havitelezi kama vile vya dukani.

Ukikaribia nakshi, kumbuka kwamba lenzi inakwenda mbali na filamu na mwanga unapungua, na mita ya dijitali haijui hilo. Pima kwa rula kutoka kwenye ubao wa lenzi hadi kwenye kioo. Kwa 150, ikifika sentimita 21 ongeza mwanga mara mbili. Ikifika 30, ambapo ua la nakshi linatoka kwenye filamu kwa ukubwa wake halisi, ongeza mara nne. Usipofanya hivyo filamu zako za karibu zitatoka hafifu zote na utailaumu dawa.

Filamu ya kuanzia: Fomapan 100, inayokuja 50 kwa boksi, kisha Ilford FP4 Plus mkono ukizoea. Tangi la SP-445 linasafisha filamu 4 kwa mililita 475 za dawa. Joto ndilo adui wako hapo. Maji ya bomba yetu ni ya moto kupita nyuzi 20 ambazo majedwali yanazitaja. Tia chupa za dawa kwenye beseni lenye chupa za barafu, usivuke nyuzi 24, na tumia dawa iliyozimuliwa, kwa mfano ID-11 sehemu moja ya dawa kwa sehemu moja ya maji, ambayo kwa FP4 ni dakika 11 kwenye nyuzi 20, ili hata joto likipanda muda usishuke chini ya dakika 5. Chini ya hapo anga linatoka na mabaka. Maji ya kusuuzia yakaribiane na joto la dawa.

Lakini mwezi wa kwanza usifungue hata boksi la filamu. Tumia karatasi ya kuchapishia picha. Ikate iwe milimita 100 kwa 125, si inchi 4 kwa 5 kamili, kwani haitaingia kwenye holda. Utaipakia chini ya taa nyekundu huku unaona unachofanya. Ihesabu kama ISO 6. Kwenye kivuli cha wazi, f/22, ni kama sekunde 4, na utaisafisha kwenye sahani. Makosa ya mwanzo yote, kusahau kufunga lenzi kabla ya kuvuta kifuniko, kusahau kushusha f baada ya kulenga, kuvuta kifuniko cha upande usio wenyewe, yafanyie hapo kwenye karatasi za bei ndogo.

Lenzi ikishafika, isikae ndani ya mfuko wa ngozi. Iweke kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika jeli, na uvikaushe kila vinapobadilika rangi.

Na filamu katika safari: mjomba asiziweke kabisa kwenye sanduku linaloshushwa chini ya ndege, maana mashine za eksirei za huko zinaziunguza. Abebe mkononi, boksi likiwa halijafunguliwa, na aombe likaguliwe kwa mkono bila kupitishwa kwenye mashine, hasa zile mpya za CT. Abandike juu yake karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili kwamba ndani mna filamu zisizopigwa na boksi lisifunguliwe mahali penye mwanga. Ofisa akilifungua mara moja tu kutazama, filamu zote 50 zimekwisha.